Koti Lililobaki Busia

Mukuju, Tororo
20 Julai 1965

Dada yangu mpenzi Syprose,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, cherehani yako inakwenda vizuri pale barazani sokoni, na goti la mama limepungua maumivu. Sisi hapa hatujambo. Mimi mwenyewe ni zaidi ya sijambo, sijui hata niiteje hali hii. Leo ni siku ya kumi na saba tangu tutoke kanisani, na bado nikimwona Oketcho anavuka uwanja wa shule na chaki kwenye vidole, moyo unanienda mbio kama vile simjui.

Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Oketcho hasikii Kisamia, nami Kidhopadhola chake bado kinanishinda, kwa hiyo Kiswahili ndicho nyumba yetu. Barua zote tunazisoma pamoja, yeye akishika upande mmoja wa karatasi na mimi upande mwingine. Usicheke, Dada! Nyumba ya mwalimu ina vyumba viwili na dirisha linalotazama mlimani, na asubuhi kabla mawingu hayajashuka naona mlima wa Masaba wote, bluu, na Oketcho ananiletea chai nikiwa bado natazama. Yeye ananiletea mimi chai! Ungemwona.

Sasa sikiliza habari. Chama cha walimu kimekodi lori, Jumamosi ya tarehe 14 Agosti, kwenda mlimani kuona korongo kubwa ambalo mto umelikata katikati ya mwamba. Tutakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kuna kiongozi wa kule kule atakayetutembeza. Kila mwalimu anaruhusiwa kuja na watu wawili, nami nimemwambia Oketcho, wa pili ni mama. Mama ameutazama mlima huu kwa mbali tangu utoto wake, haki yake auguse. Aje Ijumaa alale kwetu, nimeshamtandikia kitanda. Njiani atatembea na Oketcho wazungumze kama watu wa siku hizi. Haya mambo ya mtu kumkimbia mama mkwe wake kama mwizi aliyeona askari, Dada, sisi tuliosoma tuyaache yapite.

Niambie mama atakuja. Harusi ilipita hajaniambia neno moja jema, na furaha yangu haitakamilika mpaka aliseme.

Mdogo wako mwenye bahati,
Roselyn


Busia
28 Julai 1965

Roselyn,

Barua imefika. Goti la mama liko vile vile. Cherehani ni nzima.

Nami naandika Kiswahili, ili mumeo asome mwenyewe, kila neno, asihitaji mkalimani. Shika upande wako wa karatasi, mwalimu.

Umesema mama alale kwenu. Roselyn, ulizaliwa nyumba gani? Umemwona lini mama ameingia kwenye nyumba ya mkwe? Baba alipokuwa hai, akisikia tu sauti ya bibi yetu aliyemzaa mama njiani, aliingia kwenye mahindi akachuchumaa mpaka apite. Hawakuwahi kushikana mkono, hawakuwahi kukaa kiti kimoja, hakutaja jina lake mpaka alipomzika. Alikuwa anamkimbia? Alikuwa anamheshimu. Kama Form Four haikukufundisha tofauti hiyo, sioni ilikufundisha nini.

Na kuhusu bahati yako. Gauni lile la harusi nililishona wiki tatu, na kila mteja aliyesimama barazani aliniuliza, "Syprose, hatimaye! Ni lako?" Nikajibu mara kumi, mara ishirini, "Ni la mdogo wangu." Mama hakuwa na neno jema la kukuambia kwa sababu uliniruka mimi mkubwa wako kama kijiti kilicholala njiani. Usilitafute neno hilo mlimani.

Hata hivyo amesema atakuja. Mimi nilimkataza. Atalala kwa mke wa hedimasta wenu, si kwako. Kwenye lori atakaa mbele na dereva, na mumeo akae nyuma kabisa. Hayo ni maneno yake, nimeyaandika alivyoyatoa.

Syprose


Mukuju
4 Agosti 1965

Dada mpenzi,

Mko salama? Sisi ni salama, na barua yako sitaijibu kwa hasira, kwa sababu anakuja! Nimeruka jikoni mpaka nimemwaga maji. Mama Akwi, mke wa hedimasta, amefurahi kumpokea.

Kuhusu gauni, pole Dada. Lakini mapenzi hayangoji zamu kama watu kwenye foleni ya posta. Oketcho angekuja kukuposa wewe ningekaa kimya nikashona. Alikuja kwangu.

Kuna jambo moja zuri. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, hedimasta amenipa kazi ya kuandika orodha ya wasafiri ambayo kiongozi ataitumia kule mlimani. Watu thelathini na wanne! Nimeliandika jina la mama kwa wino wa bluu, kwa herufi nzuri kuliko zote. Tena nimepanga kitu kidogo, lakini sisemi. Siku hiyo ikipita mama atampenda Oketcho kama ninavyompenda mimi, nawe utakosa la kuandika.

Oketcho atavaa koti la harusi. Nimemwambia mlimani ni baridi, lakini ukweli ni kwamba nataka mama amwone alivyo.

Mdogo wako,
Roselyn


Busia
19 Agosti 1965

Roselyn,

Sikusalimii. Salamu ni za watu walio na amani.

Mama alifika Jumapili saa nane. Maggie, yule anayeleta samaki huko Mukuju siku za soko, ndiye aliyemshika kutoka stendi mpaka nyumbani. Kifundo cha mguu kimevimba kama papai. Viganja vimechubuka vyote viwili. Hakulia. Alikaa mlangoni akatazama kuku.

Nilimtoa maneno kidogo kidogo. Amesema kiongozi aliita watu wawili wawili, wakamate mikono, wavuke ule ukingo mwembamba juu ya korongo. Akaitwa yeye pamoja na mumeo. Mumeo akakataa kumshika mkono. Akakataa mbele ya walimu wote! Mama akapita peke yake, mwanamke wa miaka hamsini na nane mwenye goti bovu, jiwe limelowa, akateleza. Nikamuuliza, mkweo alifanya nini? Akasema, "Alinipa kisogo."

Kisogo, Roselyn. Mama yako ananing'inia juu ya maji, mumeo anampa kisogo.

Baba mdogo Odwori amekuja, amekaa na wazee wawili wa ukoo. Amesema mtu anayemwacha mama wa mkewe aanguke hana mke. Atakuja huko kukuchukua. Funga mizigo yako mapema, hatazungumza sana.

Ulisema nitakosa la kuandika.

Syprose


Mukuju
24 Agosti 1965

Dada Syprose,

Mguu wa mama unaendeleaje? Nijibu hilo kwanza, hata kama hutajibu mengine. Siku ile aliteremka kwenye lori akaenda moja kwa moja kwa Mama Akwi bila kunitazama, na asubuhi nilikuta ameshaondoka.

Umeandika uongo kuhusu mume wangu, na yeye ameusoma, akakunja karatasi akaenda kumwagilia miche. Basi nitakuandikia nilivyoona mwenyewe.

Njia nzima Oketcho alikaa nyuma ya lori juu ya gurudumu la akiba, uso umeelekea bomba la moshi, ili tu asikae karibu na kiti cha mama. Tulipofika alikuwa mweusi wa masizi. Nilimfuta na leso yangu, na Dada, hata siku hiyo mbaya bado nakumbuka alivyofumba macho nikimfuta.

Kiongozi anaitwa Rasto, kijana mwenye filimbi shingoni na mdomo usiopumzika. Korongo lenyewe ni zuri kupita maneno. Kuta za mwamba zinapanda pande zote mbili mpaka mbingu inabaki kama utepe, zimeota kuvu la kijani na zinadondosha maji, na mbega wanaruka juu na mikia yao myeupe. Chini kabisa mto unapiga kelele huuoni. Njia ni ukingo tu, upana wa mkeka. Pale Rasto akapiga filimbi. "Wawili wawili! Kila mtu na mwenzake, shika mkono! Maji ya huku haina rafiki!" Akasoma majina. Mimi niliitwa pamoja na Mama Akwi, tukatangulia.

Nikasikia nyuma, "Wewe bwana mwenye koti, shika huyu mama." Kisha Oketcho akasema, "Siwezi. Nitafutie mtu mwingine." Rasto akacheka. "Unaogopa mama mzee? Yeye atakula wewe?" Walimu wakacheka. Oketcho akasema, "Ni mama mkwe wangu, ndugu yangu. Mpe mkono wako wewe." Rasto akasema yeye yuko kazini, ana watu thelathini na wanne, hapa si kanisani. Wakibishana hivyo, mama akakaza leso kiunoni akapita peke yake. Yeye mwenyewe, Dada. Hakungoja mtu.

Alipoteleza, miguu yote ilitoka. Alishika mzizi. Oketcho alivua koti akiwa anakimbia. Akalala kifudifudi, akateremsha mkono mmoja wa koti mpaka ukafika kwa mama, akasema kwa Kiswahili, "Shika nguo, mama, usinishike mimi." Halafu akageuza uso akautazama mwamba, na akavuta hivyo hivyo, uso ukutani, asimwone mama alivyokaa vibaya na nguo zimepanda. Bega la koti likaachana, nikasikia uzi unakatika mmoja mmoja, lakini bitana ikashika. Alimvuta mpaka juu bila kumgusa hata ukucha. Hicho ndicho kisogo chako!

Mume wangu ameokoa mama na heshima yake kwa pamoja, na nyinyi mnakaa kikao kumvunjia nyumba. Mwenye kosa ni Rasto na filimbi yake. Nawe, Dada, sema ukweli, si mguu wa mama unaokuuma. Ni wivu. Uliushona kwenye gauni langu, sasa unataka ulifumue.

Mama aliondoka na koti amejifunika. Silidai. Lakini ni la harusi, naomba lirudi.

Roselyn


Busia
30 Agosti 1965

Roselyn,

Mguu unapona.

Nimemsomea mama barua yako yote, pamoja na hayo ya wivu. Aliiacha chai ipoe. Kisha akasema nikuulize jambo moja. Rasto alikuwa anasoma majina kwenye karatasi. Nani alipanga nani awe na nani?

Jibu hilo tu. Mengine hatuyataki.

Syprose


Busia
20 Septemba 1965

Roselyn,

Siku ishirini na moja. Maggie amekwenda Mukuju na kurudi mara tatu, kila mara namuuliza kama umempa barua. Ameniambia alikuona sokoni unanunua nyanya, ukampita kama humjui.

Ulikuwa unaandika kurasa nne kuhusu mtu kukuletea chai. Sasa swali la mstari mmoja limekushinda?

Baba mdogo Odwori ameweka siku. Jumamosi tarehe 2 Oktoba. Anakuja na vijana wawili wa ukoo. Mama anasikia yote anayopanga, hamzuii wala hamhimizi. Kila jioni ananiuliza kitu kimoja, "Amejibu?" Namwambia hapana.

Syprose


Mukuju
24 Septemba 1965

Dada Syprose, na mama ambaye utamsomea,

Natumaini mguu unakanyaga chini sasa. Sisi tuko hai.

Ni mimi. Nilipoandika orodha nilipanga wawili wawili, kama hedimasta alivyoagiza, na jina la Oketcho nililiweka mstari mmoja na la mama kwa makusudi. Nilijua watashikana mikono. Nilitaka iwe imeshatokea, mbele ya watu, mahali ambapo hakuna anayeweza kukimbilia kwenye mahindi, ili woga huo uishe siku moja. Niliona itakuwa tamu. Nilijiona nikigeuka nyuma nikiwaona wale wawili ninaowapenda wameshikana. Ndiyo maana nilijiweka mbele, nipate mahali pazuri pa kugeukia.

Nikageuka, nikamwona mama peke yake, kisha hayupo kwenye ukingo.

Rasto alisoma tu nilichoandika. Nilimsingizia.

Oketcho alijua tangu palepale jina lilipoitwa. Njiani kurudi, nyuma ya lori, aliniambia, "Usiwaambie. Waache wanichukie mimi. Mimi ni mgeni kwao, nitazoea. Wewe ni mtoto wao, wakikuchukia utakwenda wapi?" Nami nikakubali, Dada. Nikaona ni mapenzi makubwa, nikayalalia kama mto wa kitanda. Nimesoma barua zako zote za kumtukana naye ameshika upande wake wa karatasi, na hakuna hata siku moja aliyosema, "Mwambie sasa." Hii ya leo hajaiona. Nimeiandika peke yangu.

Baba mdogo akija, mwambieni asimguse mume wangu. Kama lazima mtu aadhibiwe, niko hapa mlangoni.

Mdogo wako,
Roselyn


Busia
9 Oktoba 1965

Roselyn,

Mguu sasa ni mzima, mama anatembea bila fimbo.

Najua ulikaa mlangoni Jumamosi ile. Barua yako ilifika Jumatano, nikaisoma, na mama akamwita Odwori akamwambia afungue baiskeli yake mizigo, hakuna safari. Odwori akauliza sababu. Akaambiwa, "Sababu ni yangu."

Sasa sikia. Mama alijua tangu korongoni. Rasto alisoma, "Nabwire." Nani wa Mukuju anayejua kwamba mama anaitwa Nabwire? Wote huko wanamwita Mama Roselyn. Mumeo hata angelijua asingelitamka, ni jina la mama mkwe wake. Aliyebaki ni wewe, na wino wako wa bluu. Hasira yake haikuwa ya mguu wala ya kuanguka. Alikuwa anangoja aone utamwacha mwanamume wa watu abebe mzigo wako mpaka lini. Umemwacha siku arobaini na moja. Anasema hizo ndizo alizozihesabu.

Na mimi nina langu, nitalisema mara moja na usinirudishie. Siku ile aliporudi, mama hakusema tu, "Alinipa kisogo." Alisema, "Alinipa kisogo, kama mtu aliyelelewa." Nilikuandikia nusu ya kwanza. Odwori naye nilimpa nusu hiyo hiyo. Jumatano nilipomaliza kusoma barua yako mama aliniuliza, "Na wewe, je, umejibu?" Nikasema yote. Hakupiga kelele. Alikwenda chumbani, akatoa koti chini ya godoro, akaliweka juu ya cherehani yangu akasema, "Shona."

Nimeshona. Fundi wenu wa Tororo alitumia uzi wa kushonea mto wa kitanda, ni ajabu lilivyomshika mtu. Nimeweka uzi wa turubai, nimepita mara tatu, na bitana nimeiacha ile ile kwa sababu mama amekataa nisiiguse. Maggie ndiye analileta.

Maneno ya mama ni haya. Mkwe aje Jumamosi tarehe 16, atachinjiwa kuku, atakaa uani na wanaume, na mama atakuwa ndani amsikie sauti. Aje peke yake. Wewe ubaki huko mpaka akuite. Nilimuuliza, atakuita lini? Akasema hajui.

Usidhani mimi nimekusamehe. Gauni bado lina wiki zangu tatu. Mwambie shemeji safari hii achukue basi la asubuhi, la mchana linachelewa.

Dada yako,
Syprose


Mukuju
16 Oktoba 1965

Dada,

Natumaini mmeamka salama. Hapa ni salama, kimya tu.

Barua hii anayo Oketcho mfukoni. Akikupa, ujue ameshafika. Nimelipiga koti pasi pole pole, na pale begani nimeupitisha mkono juu ya mshono wako nikauhesabu. Kweli ni mara tatu.

Alitaka nije hata mpaka kwenye njia panda, nikae dukani nimngoje. Nimekataa. Mama amesema nibaki, nabaki.

Nakuomba haya. Kiti chake kiwe upande wa ghala, kielekee barabarani, asiuone mlango wa mama hata akigeuka ghafla. Asimame mtu wa kumtangulia akiingia, akohoe, ili kama mama yuko uani apate nafasi ya kuingia ndani. Asiulizwe jina la mtu yeyote mkubwa wa nyumba. Atasema ameshiba kabla hajashiba, mwongeze. Haya yote yeye anayajua kuliko mimi. Nayaandika ili uone kwamba sasa nayajua.

Nimempikia chai leo, mara ya kwanza. Alishangaa.

Basi la jioni linapita hapa saa kumi na mbili. Nitakuwa barabarani. Sitamuuliza kama mama amenisamehe. Nitamuuliza tu kama kuna mtu, siku nzima, aliyetaja jina langu.

Mdogo wako,
Roselyn